Anayemwita Bibie

Paka yule hakuwa wa Fundi. Alikuwa wa mkewe, na kwa miaka kumi na sita yeye na Fundi waliishi katika chumba kimoja cha kushonea kama wake wenza, kila mmoja akijua zamu yake na hakuna anayempisha mwenzake kiti. Fundi alimfukuza kwa rula ya mbao kila alipomkuta amelala juu ya kitambaa cha mteja. Paka naye alimlipa kwa kuacha manyoya meupe kwenye suti nyeusi. Jina lake Bibie. Aliyempa jina hilo ni mke, na aliyemwita nalo ni mke peke yake. Fundi alikuwa na neno moja tu la kumwambia paka, nalo ni "toka".

Kila ilipofika saa kumi na moja jioni, mke aliweka chini koti alilokuwa akilitia vifungo, akaenda jikoni bila kuvua subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, akagonga nayo ukingo wa kisahani. Ting. "Bibie, njoo mama, njoo ule." Aligonga mara moja tu. Paka awe juu ya kabati au awe uani, huyo kafika.

Sasa ulikuwa umetimia mwaka na miezi kadhaa tangu mke atolewe mlangoni kwa machela. Alipopita alinyoosha mkono akamgusa paka kichwani, akamwambia, "Nakuja sasa hivi." Hakurudi. Fundi alikuwepo hospitalini roho ilipomtoka. Alimzika, alipokea rambirambi za watu. Kila mtu aliaga kwa namna yake. Paka peke yake ndiye aliyebaki na ile ahadi.

Kisha Bibie akaanza kunywa maji kama aliyevuka jangwa, na mwili ukawa unakwisha. Daktari wa mifugo, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alisema ni figo. Haziponi, alisema, ila zinaweza kubembelezwa. Akamfundisha Fundi kumtia maji ya dripu chini ya ngozi ya shingo kila asubuhi. Fundi alikuwa ameshika sindano miaka arobaini na mitano, lakini kwa sindano hii moja alikuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mfuko wa dripu aliutundika kwenye kulabu ya makoti. Katika daftari la vipimo vya wateja alimfungulia paka ukurasa wake, akampima kiuno kwa futikamba kila Jumatatu: sentimita thelathini na nane, thelathini na tano, thelathini na moja. Kila nguo ina mahali pa mwisho pa kuipunguza. Wateja wangapi aliwaambia hivyo? Sasa alijifanya neno hilo halimhusu.

Kazi ikawa kumlisha. Alimchemshia samaki, akamtoa miiba kwa kibano, akambembeleza, akamfokea, akamwomba radhi kwa habari ya rula. Wapi! Paka aligeuza uso ukutani. Jioni ya tatu Fundi alitoa subana katika mkebe wa vifungo. Iliingia ncha ya kidole chake cha mwisho tu. Alirudishia mlango wa jikoni, ingawa nyumbani hapakuwa na mtu, akagonga kisahani. Kisha akaipandisha sauti, akailegeza, akasema vile vile alivyokuwa akisema marehemu.

Paka hakuja. Akagonga tena. Mara ya nne alisikia kucha zikikwaruza sakafu. Bibie alikuja akiyumba, akala, pamoja na kidonge kilichosagwa ndani ya mchuzi.

Tangu hapo ikawa asubuhi na jioni. Fundi alijiambia ni dawa tu, kama dripu. Lakini sauti ilizidi kunoga siku hadi siku. Aliongeza maneno: umelalaje, mguu unauma? Jioni moja, akiwa ameinama juu ya kisahani, alijisikia akiuliza kwa sauti ile ile, "Na wewe, umekula?"

"Bado," akajibu kwa sauti yake mwenyewe.

Akasimama wima.

Yeye na jirani yake, mkunga mstaafu, walitenganishwa na ukuta mmoja wa jikoni. Asubuhi moja walikutana kwenye ngazi.

"Fundi, namsikia mkeo siku hizi," alisema Mkunga. "Ana mafua?"

Fundi alisema ni redio.

"Redio yenye mapenzi na paka," Mkunga akasema, akashuka na kikapu chake. Hakucheka, na hilo ndilo lililomuumiza Fundi.

Maana alijua vizuri jambo lililokuwa likimshikilia. Mtu anayeigiza sauti ili paka ale ni mtu anayelisha paka. Paka akiondoka, mtu huyo huyo atakuwa mzee anayesema peke yake jikoni kwa sauti ya maiti, na hapo itambidi anyamaze. Akinyamaza, mkewe atakuwa amekufa mara ya pili. Kwa hiyo daktari alipomshauri kwamba wakati umefika wa kumpumzisha paka kwa sindano, Fundi alisema tusubiri wiki. Wiki ilipokwisha, akasema tusubiri nyingine. Kiuno kilikuwa ishirini na saba.

Binti yake alikuja Jumapili bila kubisha hodi, kwa kuwa alikuwa na ufunguo wake. Akiwa ukumbini alimsikia mama yake akizungumza jikoni. Akakaa juu ya viatu vilivyopangwa mlangoni. Kisha akasimama, akasukuma mlango.

Fundi alikuwa amepiga magoti, subana kidoleni. Alitaka kusema jambo, binti akamzuia kwa mkono.

"Usiseme, Baba. Mtazame tu."

Bibie alikuwa amefika mbele ya kisahani. Hakukiangalia. Kwa macho yake yenye ukungu alitazama nyuma ya Fundi, kulia, kisha kushoto, kisha akamzunguka kwa miguu inayotetemeka, akaenda kunusa nyuma ya mlango. Ndipo akarudi kula, kidogo, kama mtu anayekula msibani.

"Hafuati chakula," binti alisema. "Mara mbili kwa siku unamwamsha na maumivu yake aje kumtafuta Mama, na mara mbili kwa siku hamkuti."

Fundi alivua subana. Hakujitetea.

Daktari alikuja siku ya pili yake mchana. Paka, kana kwamba ameambiwa, alijipenyeza nyuma ya marobota ya vitambaa, penye mwanya usioingia mkono wa mtu. Binti alileta kisahani na subana.

"Mwite basi. Kwako wewe atatoka."

"Mimi hajawahi kunitokea," alisema Fundi. "Na mama yako simtumi kazi hii."

Akalala kifudifudi sakafuni, na fulana yake, kati ya nyuzi na chaki, akasema kwa sauti yake ile nzito ya siku zote: "Bibie. Ni mimi. Mwenye rula. Yeye hayupo, alifia hospitali. Hakukudanganya, alidhani atarudi. Aliyekudanganya ni mimi."

Daktari aliangalia dirishani. Ulipita muda mrefu. Kisha vumbi likasogea, pua ikatokea, na Bibie akaja moja kwa moja hadi kwenye kidevu cha Fundi. Hakutazama nyuma yake.

Fundi alitandika mezani kitambaa cheusi cha mteja, kilichokuwa kimekwisha kukatwa, akamlaza juu yake. Alimshika kichwa mpaka mwisho. Walimzika uani, na binti alipoondoka, Fundi alimpa mkebe wa vifungo wenye subana ndani, ameufunga kwa uzi mafundo mawili.

"Kaa nayo wewe. Humu isilale."

Kesho yake, kabla ya saa kumi na moja, alifunga mlango akatoka, akazunguka mitaa mitatu ili saa ile isimkute ndani. Aliporudi, Mkunga alikuwa amekaa kwenye ngazi, kikapu pembeni bado kimejaa, kama aliyetoka jikoni kwake kwa haraka.

"Nilidhani paka umemzika," alisema.

"Nimemzika jana."

"Mbona jioni hii ameitwa?"

"Mimi sikuwepo, jirani."

"Najua. Nilikuona ukitoka." Mkunga alijifunika shali yake vizuri, ingawa hapakuwa na baridi. "Kisahani kiligongwa mara moja tu, Fundi. Na hakuwa na mafua."

Fundi alipanda ngazi zilizobaki. Alitoa ufunguo. Kisha akaurudisha mfukoni, akabisha hodi mlangoni mwake mwenyewe.