Abiria wa Pikipiki ya Msimamizi

Saa tatu asubuhi fundi Lameki alipandisha pikipiki ya Methusela kwenye mtambo wake, huku upepo wa Makambako ukigonga bati la karakana kama kawaida. Karakana ilikuwa yake mwenyewe, nyuma ya soko, si ya misheni wala ya serikali ya Mwingereza. Katika shimo fupi la saruji alikuwa amelaza magogo mawili ya chuma yanayozunguka. Gurudumu la nyuma lilikaa juu yake, mkanda wa ngozi ulibana gogo moja, na ncha ya mkanda ilivuta mizani iliyokuwa zamani ya kupimia magome ya miti ya miwati. Pikipiki ilikimbia bila kwenda popote, na mizani ikaonyesha injini ina nguvu kiasi gani. Kabla ya hapo mafundi walijaribia pikipiki kwenye mteremko wa barabara ya Njombe, na wengine waliokotwa mtaroni.

Mtambo ulikuwa na tabia moja. Injini ikichanganya, watu waliowahi kupakiwa kwenye pikipiki hiyo walikuja kukaa nyuma ya aliyeiendesha. Moto mdogo ulileta abiria wa karibuni. Ukiongeza mafuta, walikuja wa zamani zaidi. Walisema yaleyale waliyoyasema siku ya safari, wakiuambia mgongo wa dereva, na injini ikizimwa waliondoka. Muuguzi mmoja wa Ilembula alikuja mara nyingi mpaka Vestina, muuza chai wa jirani, akawa anamsalimia "Kamwene" ingawa hakujibiwa. Lameki alilalamikia jambo moja tu: abiria walikandamiza gurudumu, ikabidi apunguze uzito wao kwenye hesabu.

Methusela alikuwa mzee wa kanisa kutoka Yakobi, na alikuwa msimamizi wa ndoa ya Lameki. Kwa Walutheri wa huku, msimamizi si mtu wa kusimama siku moja madhabahuni, akala wali, akaenda zake. Nyumba ikiingia ugomvi, kwake ndiko unakoanzia. Miaka minane nyuma, Lameki alipokwenda Iringa kutafuta vipuri, mkewe Tabea alipotea. Ni Methusela aliyesema amemwona kwa macho yake akipanda lori la dereva wa Mbeya. Ni yeye aliyempakia Lameki kwenye pikipiki hii wakamtafuta mpaka Chimala, na ni yeye aliyesimama mbele ya baraza la wazee akaeleza kwamba mwanamke ametoroka, ndoa ikavunjwa. Mwaka uliofuata alimletea Ema, mtoto wa dada yake. Ema alikuwa mwanamke mwema, na nyumba ilijaa watoto, jambo ambalo Tabea hakujaliwa. Lameki alimpenda yule mzee kuliko alivyompenda baba yake mzazi.

Sasa Methusela alikuwa anaiuza pikipiki. Mnunuzi, katekista Dionis wa Mawengi, alikataa kuitoa Makambako kabla haijapimwa kwa Lameki. Methusela alikuwa amezungukazunguka, mara mvua, mara mafua, mpaka visingizio vikamwishia.

"Usiipe moto mwingi, mwanangu," alisema. "Imezeeka kama mimi."

Lameki alipanda, akaongeza mafuta kidogo. Alikuja mke wa Methusela na kapu la viazi, akalalamikia mashimo ya barabarani. Lameki aliongeza. Akaja Lameki mwenyewe, wa miaka minane nyuma, amevaa koti la marehemu baba yake, analia.

"Baba, una hakika lilikuwa lori la Mbeya?" aliuliza kwenye mgongo wa Lameki.

Lameki hakugeuka. Ukigeuka mkono unalegea, na mizani inadanganya.

"Inatosha," Methusela alisema.

"Bado," alisema Dionis. "Milima ya Mawengi haitaki mchezo. Ipe moto, fundi."

Anayenunua ndiye anayesikilizwa. Lameki alikaza mkono mpaka mwisho, bati likatetemeka, na Tabea akakaa nyuma yake, upande upande, na furushi la nguo mapajani.

"Baba," alisema, "kama Lameki amesema asinikute nyumbani akirudi, sawa. Ila umwambie sikuondoka kwa hasira. Nitakuwa Ilembula kwa mama mdogo. Nitamngoja mpaka mahindi yakauke. Akibadili moyo aje tu, hata asiponiomba radhi. Utamwambia?"

Akanyamaza kidogo, pale ambapo dereva wa siku ile alijibu.

"Asante, Baba. Mungu akubariki."

Lameki hakuwa amesema neno lolote la namna hiyo, wala kuliwaza. Mzee ambaye Lameki alimlilia mgongoni njia nzima mpaka Chimala ndiye aliyekuwa amemzunguka. Alitaka kumjibu Tabea, lakini aliyekuwa akiambiwa si yeye. Hakulegeza mkono. Injini ikikaa kwenye moto uleule abiria hurudia, kwa hiyo Tabea alirudia, akashukuru, akarudia tena. Vestina alileta chai, akaiweka juu ya debe. Dionis alivua kofia. Mahindi ya mwaka ule yalikuwa yameliwa zamani, na ya miaka iliyofuata pia. Petroli ilipokwisha, kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

"Mama yako alikuwa akililia mjukuu," Methusela alisema. "Nilikutafutia nyumba yenye watoto."

"Ulimwambia utaniambia."

"Ndiyo," alisema Methusela. "Nilimwambia hivyo."

Dionis aliuliza kama pikipiki ni nzima. Lameki alitazama mizani, akapunguza uzito wa Tabea, ambao aliukumbuka vizuri.

"Nzima," alisema. "Inapanda mlima na watu wawili."

Dionis akainunua.

Juma lililofuata Lameki alimwendea mchungaji kushtaki. Mchungaji alimsikiliza mwanzo tu, akamkatisha kwa upole: mambo ya ndoa huanzia kwa msimamizi, na utaratibu ni utaratibu. Basi Methusela aliitwa. Alifika na lori la mizigo kwa kuwa hakuwa tena na pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope. Ema alimpokea mjomba wake kwa furaha, akamfutia kiti, akaenda jikoni kuchinja kuku.

Methusela alifungua kwa sala, akamwomba mlalamikaji aseme. Lameki alisema yote, hakuacha hata Chimala. Methusela alimsikiliza bila kumkatiza, akapangusa macho, akasema kwamba jambo ni zito kweli, kwamba aliyetenda hivyo alikosa, na kwamba Lameki avumilie kwa ajili ya watoto. Akafunga kwa sala. Lameki akaitikia amina.

Walikula kuku. Mlangoni Methusela alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia maneno aliyomwambia tangu siku ya harusi.

"Likikusumbua tena, mwanangu, njoo kwangu."