Kijiko cha Mafuta ya Mwarobaini

Mtoto wa kunyonya, hata jino hana, na mtu mzima mwenye akili zake anamnywesha kijiko kizima cha mafuta ya mwarobaini! Akiulizwa, eti alikuwa anasaidia. Ndivyo alivyojibu Jedidah, na Wakesho, mke wa mwanawe, akasikia damu ikimchemka mpaka masikioni.

Alikuwa ametoka kuteka maji, na maji ya Sagalla si ya kwenda na kurudi mara moja. Alimwacha Noah kwa bibi yake akiwa na joto kidogo tu. Alirudi akamkuta ametapika, macho yamepinduka, mwili unamshtuka. Mdomo ulinuka kama kitunguu saumu kilichooza. Chupa ilikuwa mezani, wala haikufichwa.

Tuseme ukweli, Jedidah hakuwa na nia mbaya. Majani ya mti huo wa Kihindi yalimtoa homa masika yaliyopita, akawa anayasifu hadi kanisani. Muhindi wa duka kule Voi alipomuuzia mafuta yake alimwambia wazi ni ya kupaka upele, yasinywewe, na kwa mtoto mchanga ndiyo kabisa. Lakini mama huyu akajiambia, ikiwa jani tu linaponya, mafuta yenyewe je? Ujuaji gani huo!

Wakesho akamkumbatia mtoto ateremke naye hospitali. Crispus, kaka mkubwa wa mumewe, akasimama mlangoni. Kwao, mtoto akipatwa na jambo kama hilo, kwanza huulizwa nani ana hasira moyoni. Mwenye hasira hupiga funda la maji, huyatema kwa kuyapuliza, na kutamka kwamba moyo wake umekuwa mweupe. Huko ndiko kutasa. Na nani asiyejua kwamba Wakesho na mama mkwe wake walikuwa hawaelewani tangu mavuno? Crispus akasema mtoto hatoki kabla mama yake hajatasa. Hasira hasara, akaongeza, kana kwamba yeye ndiye aliyezaa.

Haya basi. Kijiko kashika mwingine, kosa ni la mama.

Kilichomtesa zaidi ni kwamba Wakesho mwenyewe aliamini kutasa. Alilelewa akijua kwamba anayetasa kwa uongo humuua yule anayemwombea. Na moyo wake haukuwa mweupe, ulikuwa mweusi tii. Lakini Noah alishtuka tena mikononi mwake, na nyumba ilikuwa na mlango mmoja.

Akapiga funda, akatema. "Moyo wangu ni mweupe," alisema akimtazama Jedidah machoni. "Sina neno na mtu."

Uongo mtupu. Crispus akapisha. Wakesho akanyakua ile chupa na kuteremka mlima mbio, akimwomba Mungu asimhesabie mtoto uongo wa mama yake. Hospitalini walipoiona chupa hawakupoteza wakati kukisia. Noah alilala pale siku kadhaa kama gogo, kisha asubuhi moja akalitafuta titi mwenyewe, akanyonya kwa fujo.

Waliporudi nyumbani, Jedidah alikuwa amewaita majirani kutoa shukrani. Akasimama akasema mwarobaini hauna lawama yoyote. Kilichokuwa kikimuua mtoto ni hasira, na mama yake alipoitema, mtoto akapona. Watu wakaitikia amina. Risper, jirani aliyekuwa amempakata mtoto wake mchanga mwenye homa, akauliza mafuta hayo yanauzwa duka gani.

Wakesho akasimama, Noah yuko titini.

"Mama, nilitema maji tu," alisema. "Hasira ninayo yote, hata sasa hivi. Na mtoto ni huyu hapa, ananyonya."

Risper akamfunika mtoto wake vizuri kwa leso, akahama kutoka kiti cha karibu na Jedidah.