Mwenye Mlango

Fundi wa kufuli hakumwamini mtu. Ukimsalimu, alijiuliza unataka nini. Mkewe alishamchoka. "Baba watoto," alimwambia asubuhi, "kushuku kila mtu si msimamo. Hebu niambie, wewe hasa unathamini nini?" Fundi akabeba mkoba wake wa kazi akatoka.

Hata kibanda hajafungua vizuri, akajiwa na mwanamke aliyevaa nadhifu, mwenye haraka ya mtu anayekimbizwa. Fundi akamfuata hadi ghorofa ya pili ya jengo la jirani.

"Nimepoteza ufunguo. Fanya upesi, fundi."

"Nyumba ni yako?"

"Ya nani tena?"

Swali limejibiwa kwa swali. Fundi akaguna, akapiga goti, akachungulia tundu. Ufunguo ulikuwa umechomekwa kwa ndani.

"Kuna nani humu?"

"Hakuna mtu."

Ndani mtu akakohoa.

Fundi akasimama, akampandisha na kumshusha kwa macho. Mwanamke akaanza kulia. "Ni mama yangu. Nataka nikae naye kwangu, hataki. Amejifungia tangu jana."

"Mbona umenidanganya?"

"Ningesema kweli ungekuja?"

Labda ni mama yake, labda si mama yake. Labda anachotaka ni nyumba, si mama. Kufuli lenyewe lilikuwa mchezo wa kitoto. Akiondoka, huenda bibi aliye ndani akadhurika. Akifungua, atakuwa amemvamia mtu kwake. Ndipo swali la mkewe likapata jibu bila kutafutwa: alichothamini ni mtu kuwa na kauli juu ya mlango wake. Aliye ndani ndiye mwenye mlango. Akabisha.

"Hodi, mama."

"Nani wewe?"

"Fundi wa kufuli. Nimeletwa nifungue."

"Mbona hufungui?"

"Hujanikaribisha."

Kisha sauti ikasogea karibu. "Mwambie mwanangu nimechoka kuhamishwahamishwa kama kabati."

"Mama, naogopa utaanguka huko peke yako!" binti akadakia.

"Ungesema unaogopa. Wewe ulikuja na mabegi."

Ufunguo ukazunguka. Mlango ukafunguka upenyo tu, likatokeza jicho moja kali.

"Fundi aingie. Wewe ngoja hapo."

"Mama!"

"Nijue kwanza kama ni fundi kweli."

Kwa mara ya kwanza fundi alionja dawa yake mwenyewe. Bibi alimkalisha kitini akamhoji: nani kamtuma, anamjua binti tangu lini, mkobani mna nini. Alijibu yote kwa adabu huku jasho likimtoka. Aliporidhika, bibi akamwita binti. Wakabishana, wakalia, wakacheka kidogo. Mwishowe wakakubaliana: bibi habanduki, ila utachongwa ufunguo wa pili, na binti atabisha hodi kabla ya kuutumia.

Fundi aliuchonga mchana uleule. Aliporudi, binti alinyoosha mkono mlangoni. Fundi akampita, akaukabidhi kwa bibi. Bibi akaufumbata kiganjani, wala hakusema atampa binti yake lini.