Donge Lililolala Kitandani

Bhatura ya kwanza, mkate wa kukaanga unaopaswa kufura, ilizama ndani ya karai, ikaibuka, ikalala bapa juu ya mafuta kama kandambili. Ya pili vivyo hivyo. Foleni ikanyoosha shingo.

"Tilak, ndugu yangu," mzee Gulati akapaza sauti kutoka mbele, "leo unatuuzia soli za viatu?"

Watu wakacheka. Tilak Raj, mwenye duka, hakucheka. Ukungu wa Januari ulikuwa umeiziba Delhi nzima, naye jana, kwa mara ya kwanza maishani, alisahau kulifunika donge la unga. Lilikesha wazi kwenye sakafu baridi ya mawe, na mtindi uliokandiwa ukashindwa kuliumua. Dengu zilikuwa tayari, nyeusi kwa majani ya chai, zikinukia hadi barabarani. Lakini dengu bila mkate uliofura ni harusi bila bwana harusi.

"Tunafunga," akasema kwa sauti ndogo. Duka lile halikuwahi kufungwa foleni ikiwa imesimama.

Veena, bintiye, akafuta mikono. Miaka yote yeye alipika dengu. Karai lilikuwa la baba, haliguswi na mtu mwingine.

"Usifunge, Baba."

Akapanda ngazi mbio, akashuka amekumbatia sufuria iliyoviringishwa blanketi lake mwenyewe.

"Huwa nakanda donge langu, najifunza. Baridi ikizidi nalala nalo."

"Kumbe ndiyo maana huolewi," Gulati akadakia. "Kitanda kimejaa!"

"Cheka tu, Mjomba. Wewe ndiye utakayeonja kwanza."

Tilak Raj alilitazama karai kwa muda. Kisha akasogea pembeni, hatua moja, nzito.

"Mafuta yamepata moto mno," akanong'ona.

"Nayaona, Baba."

Veena akapunguza moto, akamega donge dogo, akalitandaza viganjani, akalitumbukiza, akalikandamiza kwa mwiko. Mkate ukasita. Halafu ukatuna wote kwa mkupuo, kama mashavu ya mpiga tarumbeta wa harusini.

Gulati akautoboa kwa kidole. Mvuke ukamfunika miwani. Akachovya, akatafuna. Watu wakamtolea macho.

"Kitunguu kiko wapi?" akafoka, kinywa kimejaa. "Na uniongeze nyingine!"

Tilak Raj akavua aproni, akaitundika msumarini, akanyoosha mkono kuchukua sahani.

"Baba," Veena akasema bila kugeuka, "foleni inaanzia kule."

Baba yake akaifuata foleni hadi mwisho wake, polepole, kifua mbele. Mgeni mmoja aliyesimama pale akamuuliza kama bhatura za hapa ni za maana.

"Sijui," akajibu Tilak Raj, kidevu juu. "Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuzisubiri."