Kandambili ya Mama wa Mtambo

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tatu Machi, pale meneja alipomwita mama wa mtambo aende juu akawaandalie wageni chai.

Mama huyo ndiye aliyesimamia tangi la mvuke katika kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Valvu ya kupunguza presha ilikuwa na tabia ya kukwama. Ikikwama, alivua kandambili ya kulia, akaichapa na kuitukana kidogo, ikaachia. Aliomba valvu mpya mpaka akachoka. Wakubwa walimwambia asubiri, maana kusubirisha watu wanakuweza. Jumanne hiyo alisikia mlio akiwa ameshika birika, akashuka ngazi mbio. Alichelewa kidogo tu, mvuke ukamlipukia. Wageni walimalizia chai yao uani.

Alizikwa kesho yake. Jumatatu akarudi kazini.

Wa kwanza kumwona alikuwa mumewe, mpiga pasi wa kiwanda hichohicho. Marehemu alisimama kando ya tangi, nguo aliyozikwa nayo ameipiga fundo kiunoni isishike moto. Mguuni alikuwa na kandambili ya kulia peke yake.

"Umekula?" mke akauliza.

"Kidogo. Lakini mama watoto, si ungepumzika?"

"Nipumzike, halafu nani alichape hili jinga?"

Meneja alipita, akatazama saa, akamwambia amechelewa. Baadaye alimsifu mbele ya wote: hali, haugui, haombi ruhusa ya kwenda msibani.

Wiki hiyo akaja mkaguzi wa mitambo, kijana wa tai, kuandika masharti ya usalama. Aliitazama valvu ikikwama, akamtazama marehemu akiichapa.

"Huwa anaondoka?"

"Jioni tu, tukishazima," meneja akajibu. "Anarudi makaburini. Si mbali."

Mkaguzi akaandika: Mtambo huu ni salama maadamu marehemu yupo karibu na amevaa kandambili. Akagonga muhuri. Meneja akaitundika karatasi ukutani, akarudi nyuma hatua chache kuona kama imenyooka.

Mpiga pasi aliisoma polepole, kidole kikifuata maneno.

"Bosi, si mngenunua valvu tu?"

"Mzee wangu, tatizo si limekwisha? Hebu ona muhuri huo."

"Mimi naandika nilichokikuta," mkaguzi akasema. "Kurekebisha ni idara nyingine."

"Basi nipeni mimi kandambili, nilichape. Huyu akalale."

Meneja aligonga karatasi kwa ukucha. "Sharti linasema marehemu, mzee. Wewe bado."

Watu wakacheka, na marehemu naye akacheka kidogo, kwa sababu mumewe hata nzi akimchapa alikuwa anamkosa.

Jioni walitoka pamoja mpaka njia panda ya makaburini. Mke alichechemea. Alipojishikiza begani kwake avuke mtaro, mume aliona soli ya kandambili imelika, kisigino kinagusa lami.

"Unachoka," akamwambia.

"Nachoka, baba watoto. Ulidhani huku kuna kupumzika?"

Asubuhi mpiga pasi aliacha pasi yake, akasimama chini ya ile karatasi wakati meneja na mkaguzi wakinywa chai.

"Nauliza tu. Huyu likizo yake lini?"

Meneja akamtazama mkaguzi. Mkaguzi akaitazama karatasi. Valvu ikakwama, na mama wa mtambo akainama kuvua kandambili.