Mzio Ulipofichika Wodini

Saa mbili unusu asubuhi simu ya chumba cha kompyuta ililia. Mama Pacha, mtunzaji wa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, akaipokea huku akitafuna mkate.

"Mdogo wangu," alisema muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, "ile sehemu ya mzio umeipeleka wapi? Tangu jana hatuioni."

"Mbona ipo, dada? Naiona hapa."

Aliiona kweli. Lakini yeye ni msimamizi wa mfumo, hafichwi kitu. Akaingia kwa akaunti ya majaribio yenye ruhusa za muuguzi. Jina, umri, dawa. Mzio haupo.

Jana mchana ndiye aliyepanga upya ruhusa za wauguzi, wasione simu na anwani za wagonjwa. Kumbe katika kuondoa tiki aliteremka mstari mmoja zaidi, na tangu hapo wauguzi walikuwa wakichoma sindano kibubusa, bila kujua dawa gani humdhuru nani.

"Dada, simamisha dawa zote!"

"Zote? Una wazimu?"

"Zote, nakuomba!"

Akarudisha tiki, akafungua tena. Patupu. Akakosea nywila mara mbili. Ndipo akakumbuka: ruhusa ya kuona ni jambo moja, na sehemu kuwekwa kwenye ukurasa wa wauguzi ni jingine. Huko nako alikuwa ameiondoa. Akaiweka, na mzio ukatokea.

Akachapa orodha ya wenye mzio, watu kumi na mmoja, akapanda ngazi mbiombio. Kumi walikuwa salama. Mmoja, fundi cherehani wa kitanda cha sita, alikuwa amechomwa penisilini jana jioni. Daktari alimuwahi, ila uso ulikuwa umevimba hata jicho moja halifunguki.

Kwenye benchi muuguzi kijana aliyemchoma alikuwa akiandika maelezo, machozi yakilowesha karatasi.

"Anaapa mzio haukuwepo," muuguzi mkuu alinong'ona. "Hata mimi nimesema hatukuuona, ila daktari mkuu kafungua kwake, kauona, haamini. Basi, kazi hana tena huyo."

Mama Pacha akawaza pacha wake, kodi, ajira. Sehemu imesharudi, na rekodi za mabadiliko huzisoma yeye peke yake. Miguu ilitaka kushuka ngazi.

"Weka kalamu, mwanangu," alisema. "Hukukosea. Niliyeificha sehemu ya mzio ni mimi."

Kisha akaenda kitanda cha sita, akaeleza yote, akaomba radhi.

"Mimi nikikosea nafumua nguo," fundi alisema kwa midomo iliyovimba. "Wewe nusura unifumue mimi."

Mkewe, aliyeketi kando ya kitanda, hakucheka. Alimtazama Mama Pacha mpaka huyu akainamisha kichwa.

Kwa daktari mkuu nako alikiri yote. Alisimamishwa wiki mbili, na kila simu ilipolia nyumbani alijua ni ya kumfukuza. Haikuwa. Alirudi na onyo la maandishi. Siku hizi hakamilishi badiliko lolote la ruhusa kabla muuguzi hajaketi kando yake, akafungua ukurasa kwa akaunti yake mwenyewe, na kumsomea kwa sauti anachokiona.