Gari la Bati Kinywani mwa Kibogoyo

Kibogoyo alikuwa mamba wa kitambaa cha kijani, mwenye macho ya vifungo vya koti na kinywa kipana kisicho na jino hata moja. Kila Jumamosi asubuhi watoto wa mji mzima walikaa mbele ya runinga kumngoja. Alipochomoza kichwa juu ya meza alipaza ile sauti yake ya kukwaruza, "Sina meno!", na watoto waliokuwa studio, na wale waliokuwa majumbani na vikombe vyao mkononi, wakamjibu kwa kelele, "Una neno!" Hapo kipindi kilikuwa kimeanza.

Chini ya meza hiyo, nyuma ya pazia jeusi, alilala chali mtu mzima mwenye ndevu. Mgongoni ubao wa magurudumu, tumboni runinga ndogo ya kumwonyesha wanachokiona watazamaji, kifuani kipaza sauti kilichobandikwa kwa plasta, sikioni kisikizi cha kumletea maagizo. Mkono wake wa kulia ulipita katika tundu la meza ukaishia ndani ya kichwa cha mamba, kidole gumba taya la chini, vinne vilivyobaki taya la juu. Wenzake kazini walimwita Mzee wa Chini. Nyumbani alikuwa Baba Cheche, na Cheche ni jina la utani la bintiye wa miaka sita, mtoto ambaye tangu alipojua kusema hakuna aliyejua kumnyamazisha.

Cheche hakujua kazi ya baba yake. Aliambiwa ni fundi wa taa pale kwenye runinga, akaamini, na akawa anajigamba mtaani kwamba bila baba yake Kibogoyo angekaa gizani.

"Kibogoyo hana mtu," muongozaji wa kipindi alipenda kuwakumbusha. "Siku watoto wakijua kuna mkono ndani, tumekwisha sote. Na mkono wenyewe utakwenda kutafuta kazi kwingine."

Baba Cheche hakuhitaji kutishwa. Alikuwa na lake moyoni. Alipokuwa na umri wa binti yake alikuwa akining'inia kwenye dirisha la jirani kutazama jogoo wa soksi aliyewika katika runinga, akampenda jogoo yule kuliko ndugu wengi. Kaka yake mkubwa ndiye aliyemharibia. "Mkono wa mtu huo, mjinga wewe! Soksi na mkono, basi." Alilia hadi akashikwa na kwikwi, na tangu siku ile dirisha la jirani likawa dirisha tu. Kaka alipoona alichokifanya alikata debe la mafuta ya kupikia, akalikunja bati kwa jiwe, akachonga magurudumu kwenye kandambili mbovu, akamtengenezea lori lenye kamba ya kuvutia. Hakuomba radhi kwa mdomo. Lori ndilo lililoomba. Sasa kaka yuko ardhini na lori liko juu ya kabati, kingo zake zingali na makali yaleyale ya zamani.

"Hilo halishikwi," alimwambia Cheche mara moja, na hakufafanua, kwa sababu ya koo.

Koo ndilo lililokuwa balaa la nyumba ile. Sauti ya Kibogoyo ilichimbwa kutoka chini kabisa, ikapanda ikikwangua njia nzima. Daktari alimchungulia kwa taa, akatikisa kichwa. "Ukisema kazini, nyumbani nyamaza. Ama sivyo utabaki huna sauti ya mamba wala ya binadamu." Basi Baba Cheche akarudi nyumbani bubu. Ndiyo yake ilikuwa kuinamisha kichwa, hapana yake kidole, na salamu yake nyusi mbili zilizopandishwa. Mkewe, fundi wa nguo aliyeshonea palepale sebuleni, alielewa. Lakini akili ya mtu mzima ni nguo isiyomkaa mtoto.

"Mwambie kazi yako," mkewe alimsihi.

Akatikisa kichwa.

"Basi zungumza naye hata kidogo."

Akaonyesha koo.

"Koo, koo! Koo la kuchekesha watoto wa watu unalo. La mwanao huna!"

Alikwenda kulala. Mkewe alibaki mbele ya cherehani, mguu umetulia, akiwaza lake.

Jumamosi iliyofuata watoto waalikwa walitakiwa kuleta kitu ambacho mzazi wao alikichezea utotoni, wamweleze Kibogoyo habari zake. Kipindi kilikwenda hewani moja kwa moja, hakuna kukata wala kurudia. Wa kwanza alileta gololi za babake katika kopo. Wa pili alileta mwanasesere wa mamake, kichwa kimeshonwa shingoni mara nyingi hata kikaangalia pembeni. Kibogoyo alimsalimia kwa kumzunguka atafute uso, na watoto wakacheka. Chini kule Baba Cheche alipumua, akapumzisha bega, na kungoja wa tatu.

Runinga ya tumboni ikamwonyesha gauni la njano analolijua. Juu ya gauni, uso anaoujua. Na katika mikono miwili midogo, lori la bati.

Nyuma ya kamera mtu alikohoa, kikohozi kifupi cha makusudi. Mwanamume aliyelala na mke miaka yote hiyo hawezi kukosea kikohozi chake.

"Haya, mrembo," alisema Anti, mtangazaji ambaye watoto wote walimwita hivyo. "Unaitwa nani?"

"Cheche."

"Na umetuletea nini, Cheche?"

"Lori la baba."

"Baba amekupa?"

"Hajanipa. Mama alipanda kiti akaniteremshia."

Studio nzima ikacheka. Katika kisikizi cha Baba Cheche, muongozaji, ambaye hakujua mtoto huyu ni wa nani, alifurahi. "Huyu dhahabu! Kamera ya pili, msogelee. Mamba, mwulize baba yake alivyolichezea."

Kibogoyo akainamisha kichwa. "Sasa Cheche, baba yako alilichezeaje lori hili?"

"Halichezei. Analiangalia tu. Akitoka kazini analishusha, analipuliza vumbi, analirudisha. Halafu mimi hanisemeshi."

"Labda amechoka."

"Hajachoka, amenuna. Amenuna tangu nilipovunja kikombe chake."

Kikombe! Baba Cheche alitafuta kikombe katika kumbukumbu zake zote, asikione. Lakini mtoto alikuwa amekibeba miezi yote ile, kila nyusi iliyopandishwa ikimwambia kikombe, kila kidole kikimwambia kikombe.

"Ndiyo maana nimekuletea lori," Cheche aliendelea, kwa sauti ya mtu aliyekwishapiga hesabu zake. "Chukua wewe, ni zuri, lina kamba. Halafu wewe uje kwetu, yeye abaki hapa awashe taa. Tubadilishane."

Vicheko vilipasuka kila upande. Anti mwenyewe alifunika mdomo. Na kabla mtu hajawahi kumzuia, Cheche alilisukuma lori ndani ya kinywa cha mamba, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri mapatano.

Ukingo wa bati ukapita kitambaa, ukaingia kati ya kidole gumba na kiganja.

Aliuma meno. Akiliachia, lori lingeangukia miguu ya mtoto, na miguu ile ilikuwa na viatu vya wazi. Akilibana, lilizidi kuingia. Alilibana. Uvuguvugu ulimteremka kwenye kifundo, ukachuruzika hadi kwenye kiwiko, ukadondoka juu ya kioo cha runinga ndogo, na sasa akawa anamwona binti yake kupitia tone jekundu.

"Mamba, mbona kimya?" Muongozaji alikuwa hacheki tena. "Jibu! Tuko hewani!"

Hakuthubutu kufungua mdomo. Maumivu yalikuwa yamemvua sauti ya mamba, na aliyebaki kooni alikuwa baba wa mtu. Angesema neno moja tu, Cheche angelitambua.

"Kibogoyo," Cheche alisema polepole. "Mbona mdomo wako mwekundu?"

Alishuka hadi chini kabisa ya koo lake, akaikamata ile sauti kwa mkia, akaivuta juu huku ikimchana. "Nimetoka kula nyanya."

Watoto wakaangua kicheko. Cheche hakucheka. Alikitazama kile chekundu, akatazama kinapoelekea, na Baba Cheche akaona katika kioo kichwa cha binti yake kikishuka. Kikashuka zaidi, kikatoka kwenye picha. Pazia jeusi likatikisika karibu na sikio lake. Vidole vinne vidogo vikashika upindo.

Alivitazama vidole vile, akamsikia kaka yake. Mkono wa mtu huo, mjinga wewe.

"Cheche!" Kibogoyo alinguruma kutoka juu. "Niangalie mimi! Mgeni hachungulii uvunguni mwa watu!"

Vidole vikasimama.

"Njoo juu nikupe neno langu."

Vidole vikaachia. Kichwa kikarudi katika picha, macho yamekaza.

"Kwenu siwezi kuja," alisema Kibogoyo. "Kwenu kuna mtu tayari. Na hakununa. Kikombe hata hakikumbuki. Koo lake ndilo linaloumwa."

"Umejuaje?"

Kibogoyo akasogeza kichwa karibu naye.

"Mamba tunajua mambo ya makoo. Sasa chukua lori lake, umpelekee. Livute mbele yake. Akirudi leo asipokusemesha, mimi Kibogoyo sisemi tena hapa. Sisemi milele."

"Unasema nini wewe?" Kisikizi kilimpigia kelele. "Hayo hayamo! Nani kakutuma uape?"

"Kweli?" aliuliza Cheche.

"Sina meno, nina neno."

Cheche akalichomoa lori kinywani. Aliupangusa ukingo kwa kidole, akakiangalia kidole, akakificha nyuma ya gauni. Anti, aliyejua kazi yake, aliita wimbo.

Kipindi kilipokwisha, muongozaji alimkuta Baba Cheche amekaa sakafuni, mkono umeviringwa taulo. Aliona damu, akapunguza ukali, lakini si wote. "Umewaahidi watoto wa mji mzima. Wiki ijayo watauliza kama mamba ataongea ama hataongea. Nitawajibu nini?"

Baba Cheche alifungua kinywa kumwambia asijali. Kilichotoka kilikuwa sauti ya Kibogoyo. Alikohoa, akajaribu tena. Kibogoyo. Alikunywa maji, akatulia, akanong'ona. Mnong'ono nao ulikuwa wa mamba.

Kwenye zahanati muuguzi aliyemshona kiganja alimuuliza kama inauma. "Kidogo," alijibu, na muuguzi akashusha sindano kwa kicheko. "Mungu wangu! Kama yule wa wanangu!" Baba Cheche hakucheka. Njia nzima ya kurudi nyumbani alijaribu sauti yake pembeni mwa ukuta, nyuma ya magari yaliyoegeshwa, mahali popote pasipo na watu, na kila alipoijaribu mamba alikuwa pale anamngoja. Akinyamaza, ahadi imekufa na Cheche atajua kwamba hata Kibogoyo ni mwongo. Akisema, Kibogoyo mwenyewe amekufa. Alifika mlangoni hajachagua.

Mkewe alikuwa mbele ya cherehani. Aliuona mkono wenye bandeji, akafumba macho kidogo, akayafumbua. "Sikujua kama lina makali vile," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka akusikie tu."

Cheche alikuwa sakafuni. Kingo zote za lori zilikuwa zimezungushiwa vipande vya kitambaa, na vimeshonwa. Alisimama, akashika kamba, akalivuta mbele ya miguu ya baba yake, kutoka ukuta mmoja hadi mwingine. Magurudumu ya kandambili yalilalama. Alifika mwisho, akageuka, akalirudisha. Kisha akasimama, kamba mkononi, akamtazama usoni.

Mguu wa mkewe ulikuwa umetulia juu ya cherehani.

Baba Cheche alipiga magoti. Nyusi zake zilipanda kwa mazoea, akazishusha.

"Kile kikombe," alisema, na chumba kizima kikajaa Kibogoyo, "kilikuwa na ufa tangu zamani."

Cheche hakusogea. Aliutazama mdomo ilikotoka ile sauti, ndevu zake, meno yake yote yaliyokamilika. Akaitazama bandeji, ikiwa na doa jekundu palepale, kati ya gumba na kiganja. Baba yake alikingoja kilio. Alikijua, aliwahi kukilia yeye mwenyewe dirishani kwa jirani, na alijua kwamba lori la kukinyamazisha lilikuwa limekwishatumika.

"Baba."

"Naam."

"Sema tena."

"Nini?"

"Sema chochote."

"Sikununa," alisema kwa sauti ileile. "Hata siku moja, mwanangu, sikukununia."

Kidevu cha Cheche kilitetemeka, kikaacha. Aliviringa kamba ya lori mkononi, akaenda kwenye meza ya chakula, akainua kitambaa cha meza kilichoning'inia hadi chini. Akaangalia kulia na kushoto.

"Ingia," alisema. "Upesi, mama asione."

Baba Cheche akaingia kwa magoti, mkono mbovu juu, Cheche akamfuata akivuta lori, kitambaa kikaanguka nyuma yao. Na mama, aliyekuwa amekaa palepale mbele yao muda wote, akageukia cherehani, akaanza kushona kwa sindano isiyo na uzi.